Mwisho wa Kucheza ni Darasa la Nane

Kaloleni ziko nyingi. Ya Kilifi ina minazi, ya Nairobi ina nyumba za mawe za enzi ya mkoloni, na kila mwenye yake anaamini ndiyo yenyewe. Ninayoandika mimi ni ya Kisumu, hatua chache kutoka mjini, mahali ambapo Kiswahili na Dholuo vinapanda matatu moja katika sentensi moja na hakuna anayeshtuka.

Mpira wa huku mtaani una sheria zake, na hakuna aliyeziandika. Mwenye mpira hawezi kuchaguliwa mwisho. Kupigwa chobo kunauma kuliko kufungwa bao. Na msichana akijua kucheza, anacheza. Hakuna kikao. Wakati wa kugawana timu anachaguliwa wa tatu au wa nne, kabla ya yule kijana mnene anayewekwa golini, na mambo yanaendelea. Atapewa jina la utani la mchezaji fulani wa kiume wa Ulaya, atakanyagwa vidole kama wengine, na akikosa penalti atatukanwa kama wengine. Huo ndio usawa wa mtaani, haupendezi lakini upo. (Mpira wenyewe ulikuwa wa juala, mpaka Agosti 2017 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki na watoto wa nchi nzima wakajikuta wanadribo magendo.)

Ila sheria hiyo ya tatu ina tarehe ya mwisho. Kwa wengi wetu tuliosoma 8-4-4 ilikuwa darasa la nane. Msichana akiingia shule ya upili anaambiwa mashindano ni mawili, ya wavulana na ya wasichana, na jina lake haliwezi kuandikwa kwenye fomu ya wavulana hata kama amecheza nao tangu akiwa na miaka sita. Kama shule yake ya kutwa haina timu ya wasichana, basi. Anaonyeshwa uwanja wa netiboli.

Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwa neno moja kati ya mawili: maumbile au utamaduni. Maumbile nitayarudia. Utamaduni hebu tuuangalie kwanza, maana kwa upande wa mpira huu una umri mdogo sana.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Miaka mitano baadaye, 1906, wamisionari wa CMS wakaanzisha shule Maseno. Mpira wa miguu ulikuja na watu hao: makarani, askari, walimu. Maseno ulikuwa sehemu ya malezi, sawa na Biblia na hesabu, hasa baada ya 1928 alipofika Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeuamini mpira kama njia ya kumfunza kijana nidhamu. Wasichana, wale waliobahatika kusomeshwa, walipewa ratiba nyingine: kushona, kupika, kulea watoto. Netiboli ilikuja kukaa hapo kama mchezo wa kike, mchezo ambao kila mchezaji ana eneo lake na akitoka anapulizwa filimbi. Sina ubaya na netiboli, dada zangu wameicheza, lakini sidhani ilikuwa bahati tu kwamba wasichana walipewa mchezo wa kubaki mahali pako.

Na huko Uingereza mpira ulikotoka? Desemba 26, 1920, wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr kutoka mji wa Preston walicheza katika uwanja wa Goodison Park mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, Desemba 5, 1921, FA ikatangaza kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, na vilabu vyake visiwape viwanja. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Kwa hiyo ratiba za shule zetu zilipokuwa zinapangwa, yule mwalimu wa kizungu hakuleta mila ya kale. Alileta kanuni mbichi kabisa, iliyopitishwa na wazee wa kamati baada ya kuona wanawake wanajaza uwanja. Sisi tukaipokea, tukaizeesha, leo tunaiita mila za wazee wetu.

Lakini nisiwasukumie wazungu kila kitu. Hapa Kaloleni kuna Ofafa Memorial Hall, jumba lililojengwa na Luo Union kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Luo Union ilikuwa mambo mengi kwa watu wa Nyanza walioishi mijini: ilichangia karo, ilisafirisha maiti, iliunganisha watu. Ilikuwa pia na timu ya mpira, na mwaka 1968 timu hiyo ikaungana na Luo Stars ikazaliwa Gor Mahia. Sehemu hiyo ya hadithi tunaiimba kila wikendi. Sehemu ambayo hatuiimbi ni kwamba katika miaka ya 1940 na 1950 vyama vya Wajaluo mijini, Luo Union ikiwemo, vilikuwa na kazi nyingine pia: kuwasaka wanawake na wasichana wasio na waume, kuwakamata, na kuwarudisha reserve kwa nguvu. Mwanamke wa mjini asiye na mwanaume wa kumtaja alihesabiwa aibu ya kabila zima.

Ukiziweka kazi hizo mbili pamoja unaona kitu. Kijana wa miaka 15 akionekana uwanjani jioni alikuwa fahari ya chama. Dada yake wa umri huo huo akionekana hapo angeulizwa anatafuta nini mjini. Hakuna aliyefika hata kwenye swali la kama anajua kupiga krosi. Nadhani huo ndio mzizi hasa, na ndiyo maana mpaka leo mzazi anayemruhusu binti wa miaka kumi acheze na wavulana anaanza kuwa na wasiwasi akifika kumi na minne. Hasemi mguu wake ni dhaifu. Anasema, "Watu watasemaje?"

Sasa maumbile. Baada ya kubalehe wavulana, kwa wastani, wanakimbia kasi zaidi na wana nguvu zaidi. Hilo halibishaniwi. Kazi yote iko kwenye neno "wastani". Mwaka 1978 msichana wa Kiingereza, Theresa Bennett, alifikisha FA mahakamani kwa kumzuia kucheza na timu ya wavulana. Alishinda kwanza, kisha Mahakama ya Rufaa ikampokonya ushindi. Sheria ya usawa ya 1975 iliacha mlango kwa michezo ambayo nguvu na umbo la mwanamke wa wastani vinamweka nyuma, na majaji wakapitia mlango huo. Theresa alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu, anayewazidi wavulana aliocheza nao, lakini mahakama ilimpima mwanamke wa wastani, mtu ambaye hakuwepo uwanjani.

Miaka mingi baadaye Lucy Bronze naye aliondolewa kwenye timu ya wavulana ya Alnwick kwa kanuni hiyo hiyo ya umri, akiwa na miaka 12. Unajua alivyokuja kuwa. Hatimaye FA ikaanza kupandisha kikomo kidogokidogo, na katika miaka ya 2010 kikafika 18. Uholanzi wakaenda mbele zaidi: mwaka 2020 Ellen Fokkema, akiwa na miaka 19, aliruhusiwa kucheza timu ya kwanza ya wanaume ya klabu yake ya kijijini, pamoja na vijana aliokua nao. Dunia haikuanguka.

Kenya tuna Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010, inayompa mwanamke na mwanamume nafasi sawa. Tuna Jackline Juma, aliyekabidhiwa FC Talanta mwaka 2024 kama kocha mkuu, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume ya ligi kuu. Yaani mwanamke anaweza kuwaamuru wanaume wazima kwenye ligi kuu, ila msichana wa shule ya upili hawezi kuingia kama sub dakika ya 80 kwenye mechi ya shule za mtaa.

Kuna hoja moja inayonikosesha usingizi, na inatoka kwa watu wanaopenda mpira wa wasichana. Wanasema: ukimruhusu yule mmoja hodari aende kwa wavulana, mkuu wa shule amepata kisingizio. Hataunda timu ya wasichana kamwe, na wale kumi wengine ambao si hodari watabaki bila kitu. Tena timu za wasichana zimezaa matunda. Nyakach Girls wako kaunti hii hii. Oktoba 2024, Junior Starlets walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la aina yoyote, kule Jamhuri ya Dominika, wakaifunga Mexico 2-1. Haya yalitokana na watu kupigania mpira wa wasichana wenyewe, na hawakuomba nafasi kwenye benchi la wavulana.

Nakubali karibu yote. Lakini Nyakach Girls ni bweni, na bweni ni karo. Msichana wa Kaloleni ambaye mama yake anauza omena anakwenda shule ya kutwa anayoweza kuifikia kwa miguu. Kwake swali si timu ipi. Ni timu au hakuna timu. Kanuni inaweza kuandikwa kwa mistari miwili: shule ya mseto isiyo na timu ya wasichana iruhusiwe kuandikisha wasichana kwenye timu ya wavulana, mpaka itakapounda yao. Mkuu wa shule anayechukia jambo hilo atakuwa na sababu nzuri ya kununua jezi kumi na moja zaidi.

Kwa sasa, muhula wa pili, atafanya mazoezi na wavulana Jumatatu hadi Alhamisi, kwa sababu kocha anahitaji mtu wa kumkimbiza beki wake wa kulia. Ijumaa basi la shule likiondoka kwenda kwenye mechi anaweza kupanda, akikubali kubeba chupa za maji.