Chembenano ya Kiini na Ganda

Chembenano ni chembe ya maada ambayo upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita, na kwa kawaida hauzidi nanomita 100. Wapo wanaoandika nanochembe, kwa kufuata nanomita na kilomita. Mpangilio huo unafaa vipimo. Kwa majina ya vitu, Kiswahili hutanguliza kitu ndipo kikaleta sifa yake, kwa hiyo chembenano inakaa vizuri zaidi.

Istilahi hii inapoingia kwenye habari za sola, hukutana na utata wa aina mbili. Kwanza, neno chembe limezoeleka pia katika baiolojia: chembe hai, chembechembe za damu. Inafaa basi kifaa kinachozalisha umeme kiitwe seli, na chembe ibaki kwa punje zilizomo ndani yake. Pili ni neno kikaboni, yaani organic kwa Kiingereza. Tumezoea kilimo hai, ambacho Kiingereza nacho hukiita organic, na msomaji anaweza kudhani seli ya sola ya kikaboni nayo ina uhusiano na mboga zisizotiwa dawa. Haina. Hutengenezwa kwa michanganyiko ya kaboni, hasa polima, mahali pa silikoni.

Michanganyiko hiyo ina tabia moja inayoeleza mengi. Mwanga ukiipiga, elektroni haiwi huru papo hapo. Hubaki imeshikamana na tundu ililoliacha, na jozi hiyo ndiyo eksitoni. Eksitoni husafiri takriban nanomita 10 tu kabla ya kufa. Isipofika kwenye mpaka wa dutu ya pili, ile inayopokea elektroni, nishati yake hupotea bure. Mwaka 1986 Ching Tang wa kampuni ya Kodak alichapisha seli ya tabaka mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine. Ufanisi wake ulikuwa karibu asilimia 1, maana eksitoni nyingi zilizaliwa mbali na mpaka huo. Katika miaka ya 1990 watafiti wakaamua kuzichanganya dutu hizo mbili katika utando mmoja, ili mpaka uwepo kila mahali.

Chembenano ni njia ya kuupanga mchanganyiko huo kabla haujapakwa. Polima iitwayo P3HT na PCBM, ambayo ni aina ya fulerini na ndiyo inayopokea elektroni, huyeyushwa katika klorofomu. Kimiminika hicho hutiwa kwenye maji yenye kemikali ya jamii ya sabuni, kisha mawimbi ya sauti yenye nguvu hukivunjavunja kuwa vitone vidogo mno. Klorofomu ikishafukizwa kwa joto, vitone hugeuka chembenano imara zinazoelea majini. Huo ndio wino wa kuchapia seli, na faida yake ni kwamba mchapaji hapumui klorofomu. Katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, kundi la Profesa Paul Dastoor limeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi.

Ila ndani ya chembenano dutu hizo hazikai sawasawa. Yenye nishati ndogo ya uso hukimbilia nje. Hadubini za eksirei zimeonyesha kiini kilichojaa PCBM, kikizungukwa na ganda lililojaa P3HT. Mpaka upo karibu, na eksitoni nyingi huufikia. Tatizo huja baadaye: elektroni iliyoingia kwenye kiini imezingirwa na polima pande zote, haina njia ya kwenda kwenye elektrodi. Utando ukipashwa moto, PCBM husambaa na kuunganisha kiini na kiini. Moto ukizidi, PCBM hukusanyika mabonge makubwa, na eksitoni hukosa tena mpaka wa karibu. Nayo sabuni iliyosalia kati ya chembe huziba njia za umeme, hivyo wino husafishwa kwanza.

Hapa ndipo neno ganda linapohitaji tahadhari. Ganda la ndizi na ganda la muhogo ni vitu vya kumenya na kutupa. Ganda la chembenano hii hufyonza mwanga, hubeba matundu hadi kwenye elektrodi, na huamua kama chembe jirani zitapitishiana umeme. Bado neno hili ndilo linalofaa, kwa sababu ni fupi, linaeleweka, na linakwenda sambamba na kiini. Kinachotakiwa ni fasili inayosema wazi kuwa ganda nalo linafanya kazi.

Seli bora za kikaboni maabarani sasa zimevuka ufanisi wa asilimia 18, na hizo hazitokani na chembenano za P3HT, ambazo ziko nyuma sana. Chembe mbili zenye upana uleule huweza kutoa umeme usiolingana, kwa kuwa zimepangwa tofauti ndani. Kwa hiyo anayeandika chembenano katika habari za sola ataje na muundo wake, kwa sababu ukubwa peke yake haumwambii msomaji seli itafanya kazi vipi.