Sahani ya Songo ilitoka mbali



Siku za kazi hapa kartie ya Songo, saa saba za mchana zikifika, sisi wa timu ya uwanjani tunaingia malewa. Si hoteli. Ni mabati, benchi mbili, meza moja ndefu yenye nailoni juu, na mama anayepika kwa makaa nyuma ya mbao. Hakuna karatasi ya kuchagua chakula. Mama anasema tu: "Iko bugali, iko sombe, iko ndagala. Pilipili ni ya bure." Tunanawa, tunakula.

Mwezi uliopita, kwenye meza hiyo, tulisikia mabishano ambayo hatukuweza kuyaacha pale. Mwanachama mmoja, mama aliyerudi kutoka kambi ya Lugufu, ameomba mkopo katika sanduku letu la akiba afungue malewa yake. Anataka kupika pilau, chapati na bugali ya mahindi. Mzee mmoja, naye ni mwanachama, akasema: "Ile ni chakula ya kambi. Siye hapa tunakulaka muhogo ya bankambo." Kijana aliyekaa kando yake akauliza: "Basi siye tuliozaliwa kule, tuko wa nani?" Hakuna aliyejibu. Tumeona tujibu hapa, kwa historia ya sahani ile ile tuliyokuwa tunakula.

Tuanze na bugali na sombe. Unga unatoka kwenye mzizi wa muhogo, sombe ni majani yake. Mmea huo haukuzaliwa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu wa Brazili walijua zamani sana namna ya kuondoa sumu yake. Wareno ndio walioupitisha Atlantiki. Meli za Diogo Cão zilifika mdomo wa mto Kongo miaka ya 1480, na katika karne ya 16 muhogo ukaanza kulimwa upande ule. Tusifiche jambo: unga wa muhogo ulikuwa pia chakula cha meli za watumwa. Mmea uliotulisha ulikuja kwa njia ambayo pia ilitupotezea watu.

Kutoka magharibi muhogo ulienea ndani ya bara, na upande wa Bahari ya Hindi nako ukaingia. Mtama na ulezi, nafaka za Afrika yenyewe, vikaanza kuachia muhogo nafasi. Sababu inaeleweka kwa kila aliyewahi kukimbia. Nafaka ikiiva lazima uvune, uweke ghalani, na mwenye silaha anaweza kuibeba. Muhogo unangoja ardhini mwaka mzima na zaidi. Unachimba kidogo, unaacha mwingine. Hakuna aliyelazimika kuuliza umetoka wapi. Waliuliza kama utalisha watoto.

Tuendelee na sahani. Pilipili kali ni ya Amerika, vilevile. Neno lenyewe lilikuwa la pilipili manga, ile nyeusi ya India. Hii nyekundu ilipofika ikalirithi. Kisha Wareno wa Msumbiji wakalichukua neno kwetu, wakaliita piri-piri. Mahindi, maharagi, karanga, nyanya na viazi vitamu, asili yake ni kule kule ng'ambo. Kwenye meza yetu siku ile, vilivyokuwa vya Afrika tangu mwanzo ni mawese na ndagala ya ziwa letu. Hata hiyo "meza" tuliyowekea sahani ni neno la Kireno. "Kasha" na "leso" nayo ni ya kwao.

Sasa tuvuke mpaka Ureno, kwa sababu kule kuna habari inayotuhusu sisi tuliorudi. Nako kuna malewa zao, wanaziita tasca. Meza chache, sahani ya siku, supu, divai ya bei ndogo. Kaskazini, jimbo la Minho, wanakula supu ya majani mabichi yaliyokatwa membamba na viazi, pamoja na mkate mzito wa mahindi unaoitwa broa. Mgeni atasema hicho ni chakula cha bankambo wa Kireno. Lakini mahindi na viazi nako vilitoka Amerika.

Mwaka 1975 Msumbiji na Angola zilipata uhuru. Watu nusu milioni au zaidi wakaingia Ureno kutoka makoloni. Waliitwa retornados, yaani waliorudi, ingawa baadhi yao walizaliwa Afrika na hawakuwahi kuiona Lisbon. Makasha yao ya mbao yalirundikana kando ya mto Tejo. Serikali iliwalaza wengi hotelini. Majirani walinung'unika kwamba wanakuja kunyang'anya kazi, na jina lenyewe likawa kama tusi. Hatusemi walikuwa sawa na sisi. Wengi wao walikuwa upande wa watawala. Sisi tulikimbia vita vya 1996 na 1998, na walioanza kuletwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka mwezi wa 10 mwaka 2005 hawakukuta hoteli. Lakini kuambiwa "wewe si wa hapa" ndani ya nchi unayoambiwa ni yako, hiyo tunaijua pamoja.

Nao walikuja na midomo yao. Walizoea moamba, kuku wa mawese wa Angola, na kuku wa piri-piri wa Msumbiji. Leo vyakula hivyo vinapikwa Lisbon, na Mreno akila kuku wa piri-piri anaona anakula cha kwao.

Turudi Songo. Bugali ya mahindi ambayo mzee anaiita ya kambi, ilitoka kwenye mgao: unga wa mahindi, mbaazi, mafuta, chumvi. Mama zetu hawakuchagua mgao ule. Lakini ndani ya miaka ile walijifunza kukunja chapati na kupika pilau, na huo ni ufundi ambao haukuchukuliwa na mtu mpakani. Wengine walirudi hawana parseli, ufundi waliurudisha.

Kwa hiyo, kwenye mkutano ujao, tunaomba ombi la mama huyu lipimwe kama maombi mengine. Makaa yanagharimu kiasi gani? Kodi ya kibanda? Atauza sahani ngapi kwa siku ili arudishe mkopo? Hayo ni maswali ya haki, na akishindwa kuyajibu tumwambie arudi akiwa tayari. Wafadhili waliochangia sanduku nao wanayangojea majibu hayo. Lakini swali la kama chakula chake ni cha kwetu tuliondoe mezani. Tukilifuata mpaka mwisho, tutabaki na mawese na ndagala tu.

Mzee tulimsomea habari hii kabla ya kuichapa. Alicheka, akanyamaza kidogo, kisha akauliza pilau ya yule mama itakuwa bei gani.

Tuonane mkutanoni.