Uainishaji wa kisayansi: perege wa Singida

Uainishaji wa kisayansi ni utaratibu wa kupanga viumbe hai katika makundi kwa kufuata undugu wao, na kuipa kila spishi jina moja linalotumika duniani kote. Samaki wawili wanaohusishwa na Mkoa wa Singida, Tanzania, wanadhihirisha umuhimu wake.

Ngazi za uainishaji

Perege wamo katika himaya ya Animalia, faila ya Chordata, ngeli ya Actinopterygii, oda ya Cichliformes na familia ya Cichlidae. Perege wengi wa Tanzania ni wa jenasi *Oreochromis*, ambayo majike wake huatamia mayai kinywani. Jina la spishi huwa na maneno mawili: la kwanza ni la jenasi na huanza kwa herufi kubwa, la pili ni la spishi na huandikwa kwa herufi ndogo. Majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia kitabu cha Carl Linnaeus cha 1758.

Historia ya jina la ngege

Michael Graham, aliyechunguza uvuvi wa Ziwa Viktoria mwaka 1927 na 1928, ndiye aliyempa ngege, perege wa ziwa hilo, jina la kisayansi la *Tilapia esculenta*, yaani anayefaa kuliwa. Baadaye Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa samaki wa London, aliwapanga upya perege kwa kuangalia jinsi wanavyolea mayai. Katika kitabu chake cha 1983, ngege ni *Oreochromis esculentus* (Graham, 1928). Herufi za mwisho zilibadilika ili kuafikiana na jinsia ya jenasi mpya katika sarufi ya Kilatini. Mabano nayo yana maana: Graham ndiye aliyeieleza spishi, lakini aliiweka katika jenasi nyingine.

Singida na Manyara

Kwa Kiingereza, ngege huitwa perege wa Singida, ingawa asili yake ni Ziwa Viktoria na maziwa madogo ya jirani. Perege wa baadhi ya maziwa ya chumvi, wakiwemo wa Ziwa Singida na Ziwa Kitangiri wilayani Iramba, ni *Oreochromis amphimelas* (Hilgendorf, 1905), naye huitwa perege wa Manyara. Anayefuata majina ya kawaida peke yake atawachanganya. Majina ya kisayansi huwatenganisha.

Umuhimu katika hifadhi

Ngege yumo katika orodha ya IUCN ya spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka. Uvuvi wa kupita kiasi, sangara, na sato (*Oreochromis niloticus*) aliyepandikizwa Ziwa Viktoria vilimpunguza. Sato pia huzaliana naye na kutoa machotara. Kwa hiyo neno "perege" halitoshi katika kumbukumbu za vifaranga. Kila anayepandikiza samaki bwawani au ziwani aandike jina kamili la spishi na mahali vifaranga walikotoka.