Nani anashika mashini? Historia fupi ya Linux, studio ya nyumbani na masomo ya mbali



Tangu Oktoba 2025 watu wa promosheni yangu wananiuliza swali lilelile: "Agronome, ni kweli ulitoa Windows kwenye mashini ukaweka Linux? Sasa muziki unarekodi namna gani? Na wanafunzi unawafundisha namna gani?" Jibu fupi: ni kweli, na kazi zote mbili zinaendelea. Lakini jibu fupi halisaidii mtu kuamua. Nyuma yake kuko historia, na mimi naona historia hiyo inatugusa sisi wenye lisansi bila kazi ya mshahara kuliko tunavyofikiri. Tuipitie pole pole.

1. Nyimbo zetu, chombo cha wengine

Tuanzie hapa nyumbani. Mwaka 1951 na 1952 Mmarekani mmoja, Alan Merriam, alikuja Kivu kurekodi muziki wa Bashi. Baadaye aliandika juu ya maneno ya nyimbo hizo na juu ya vyombo vinavyopigwa. Alifanya kazi ya maana, tusimseme vibaya. Ila angalia mpangilio wake: waimbaji walikuwa wetu, mashini ilikuwa yake, na kanda zikavuka bahari pamoja na mwenye mashini. Huko Léopoldville mambo hayakuwa tofauti sana. Studio ya Ngoma, iliyoanza 1948, ilikuwa ya mfanyabiashara Mgiriki, Nico Jeronimidis. Rumba ilikuwa ya Wakongomani, lakini mlango wa studio ulikuwa na mwenyewe.

Njo maana ninapotazama laptop ya mitumba juu ya meza yangu, swali langu la kwanza si "inaenda mbio?" Swali langu ni: nani anaishika kweli?

2. Studio inaingia ndani ya kompyuta

Mwaka 1983 viwanda vya vinanda vilikubaliana lugha moja ya kuunganisha vyombo na kompyuta, inaitwa MIDI. Mwaka 1989 kampuni ya Ujerumani, Steinberg, ikatoa Cubase. Mwaka 1996 ikaleta VST, yaani njia ya kuweka vinanda na vifaa vya studio kama programu ndani ya programu nyingine. Kisha huko Ubelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1990, ikatoka FruityLoops, ile tunayoita leo FL Studio. Vijana wengi wa mitaa yetu waliotengeneza biti za kwanza walipita hapo.

Chumba kizima cha studio kikaingia kwenye begi. Ila tusidanganyane: kopi nyingi zilizozunguka kwa flashi zilikuwa zimevunjwa kufuli. Mtu analipa na nini, na kadi gani ya benki? Na kopi ya namna hiyo haina masasisho, haina wa kuulizwa, na mara nyingi inakuja na virusi. Ukienda kuchapisha kazi kwenye sekretaria, flashi inarudi na mafaili yamegeuka kuwa vivuli. Kila mtu anayesoma hapa amekwisha kuona.

Windows yenyewe iko na saa yake. XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuko njia ya kuongeza ulinzi, lakini ni kwa muda tu. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mashini nyingi zinazouzwa Kadutu au Nyawera hazina. Kwa hiyo mashini nzima, inayowaka, inayofanya kazi, inatangazwa mzee na mtu aliye mbali.

3. Mwanafunzi wa Helsinki na mbegu ya kugawana

Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi MIT huko Marekani, alitangaza mradi wa GNU: mfumo wa kompyuta ambao kila mtu ana haki ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 wa chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kwamba anatengeneza mfumo wake. Ilikuwa kiini tu, sehemu ya ndani inayoongoza mashini. Mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ya GNU. Vitu viwili vikakutana, Linux tunayoijua ikasimama.

Leseni hiyo mimi naielewa kama mtu wa kilimo. Mahindi ya hibridi ukiyapanda yanazaa vizuri, lakini mbegu ya mavuno yake haifanani tena na mzazi. Msimu ujao unarudi dukani. Maharage ya mama zetu unachagua, unahifadhi, unampa jirani, naye anampa mwingine. Leseni ya GNU inasema hivyo: chukua mbegu, panda, boresha, gawa, lakini usimzuie unayempa kugawa pia.

Halafu Afrika ikaingia. Tarehe 20 Oktoba 2004 lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno ni la kibantu, sisi tunasema utu. Kuanzia 2005 hadi 2011 walikuwa wanatuma CD bure kwa posta popote duniani, kwa sababu walijua kuna watu ambao kudaunlodi mega 700 ni ndoto.

4. Je, sauti inaweza?

Hapa njo wanamuziki wanasita, na wako na haki. Ukirekodi, sauti ya gitaa inaingia kwenye kompyuta, inakaa kidogo kwenye "foleni", kisha inatoka kwenye masikio yako. Foleni ikiwa ya sampuli 1024, na kadi ya sauti inapima mara 48,000 kwa sekunde, unachelewa milisekunde 21. Ni kama mpiga gitaa wa kwaya amesimama meta 7 mbali nawe. Ukishusha foleni hadi 256, inakuwa milisekunde 5 na kidogo, karibu meta mbili. (Njia nzima ya kuingia na kutoka inazidisha hesabu hiyo, lakini kanuni ni ileile.) Foleni fupi inadai mfumo usikose zamu yake hata mara moja, la sivyo unasikia "tak, tak" ndani ya wimbo.

Linux ya zamani haikuwa nzuri kwa zamu hiyo. Wakatokea watu wakakaa juu ya tatizo miaka mingi. Audacity ilitoka mwaka 2000, kutoka chuo kikuu cha Carnegie Mellon. Paul Davis, mmoja wa waandishi wa programu wa mwanzo kabisa wa Amazon, aliacha mambo hayo akaandika Ardour, studio kamili, pamoja na JACK, inayounganisha programu za sauti kama waya za studio. Mwaka 2007 ikatoka Ubuntu Studio, ikiwa imepangwa tayari kwa muziki. Siku hizi PipeWire inafanya kazi ya JACK bila kumsumbua mtu, na toleo lake la 1.0 lilitoka 2023. Na kile kipande cha kuifanya Linux iheshimu zamu kwa ukali, kilichokaa nje kama kiraka karibu miaka 20, kiliingia rasmi kwenye kiini cha Linux 6.12, Novemba 2024.

Kwa hiyo swali "inaweza?" limejibiwa. Swali linalobaki ni "programu yako iko?" FL Studio haina toleo la Linux, wengine wanaiendesha kupitia Wine, lakini hakuna wa kukuhakikishia. REAPER iko. Ardour iko. LMMS iko kwa wenye kutengeneza biti. Kama kazi yako yote iko ndani ya mradi mmoja wa FL Studio, toa kila sauti peke yake kwa WAV kabla ya kuhama. WAV inafunguka popote, na hata wajukuu wataisikia.

5. Kufundisha wakati barabara imefungwa

Machi 2020, kisa cha kwanza cha Covid kilipotangazwa Kinshasa, shule na vyuo vya nchi nzima vilifungwa kwa miezi kadhaa. Watu wakaanza kusema "masomo ya mtandaoni" kama kitu kipya. Si kipya. Martin Dougiamas, aliyeanzisha Moodle, alikulia kwenye nyika ya Australia akisoma kwa redio, maana shule ilikuwa mbali mno. Mwaka 2002 akatoa Moodle 1.0, na leo vyuo vingi vya dunia vinaweka silabusi zao humo. Jitsi, ya kuongea kwa video, ilianza 2003 kama kazi ya mwanafunzi wa Strasbourg, Emil Ivov. BigBlueButton ilianza 2007 kwenye chuo kikuu cha Carleton, Kanada. Zote ni mbegu ya kugawana. Na angalia ni wangapi hapo walikuwa wanafunzi kama nyinyi.

Kisha ikaja Februari 2025, vita ikaingia Bukavu. Benki zikafunga, watu wakatawanyika. Wanafunzi wangu wa udongo na mbolea, kundi dogo la kulipa kidogo kidogo, mmoja akawa Bujumbura, mwingine Uvira, wengine wakabaki Panzi na hapa. Sasa unafundisha namna gani bila kuwamalizia mega?

Hesabu iko hivi. Video ya kawaida ya mebibiti 1.5 kwa sekunde inakula mega 675 kwa saa. Sauti peke yake, kwa mtindo wa Opus uliokubaliwa 2012 na ambao uko wazi bila malipo, kwa kilobiti 24 kwa sekunde, inakula mega 11 kwa saa. Saa nzima! Mimi narekodi somo kwa mikrofoni ileile ya muziki, nasafisha kelele kwenye Audacity, natoa kwa Opus, natuma pamoja na picha tano au sita za michoro. Anayetaka kuuliza, tunakutana dakika 30 kwa sauti jioni. Chombo cha mwanamuziki na chombo cha mwalimu ni kimoja. Anayejua kurekodi sauti safi anajua tayari nusu ya kufundisha kwa mbali.

Na umeme? Bwawa la Ruzizi II, lililoanza kazi 1989 kwa ajili ya nchi tatu, liko hapa Mumosho. Lakini si kila nyumba ya Mumosho inaona taa yake. Mimi niko na sola na batri. Mfumo mwepesi, usioanza masasisho yake katikati ya somo, unanisaidia kumaliza saa kabla batri haijalia.

6. Dar es Salaam 2004: funzo la mwisho

Kuko sura moja ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2004 chuo kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Uswidi IT+46, walifanya mradi wa Kilinux. Wakatafuta maneno ya Kiswahili ya kompyuta, wakatoa Jambo OpenOffice: kuandika, kuhesabu, yote kwa Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ikatengeneza sura ya Kiswahili ya Windows XP.

Leo uliza promosheni nzima nani amewahi kuandika kazi kwa Jambo OpenOffice. Kimya. Programu huru haifi kwa kukosa pesa tu. Inakufa pia kwa kukosa watu wa kuitumia na kuitafsiri kila toleo. Mbegu uliyopewa bure, usipoipanda, inaliwa na wadudu ghalani.

7. Basi tufanye nini?

Siwaambii wote mtoe Windows leo. Mwenye kazi ya ofisi inayodai programu fulani, abaki, na alipie leseni akiweza. Lakini mwenye mashini ambayo Windows 11 inaikataa, asiitupe. Weka Linux kwenye flashi ya giga 8, washa mashini kutoka flashi hiyo bila kufuta kitu. Jaribu vitu vinne: Wi-Fi, mikrofoni au kadi ya sauti ya USB, printa, na faili moja ya Word ndani ya LibreOffice. Vikikubali, nakili mafaili yako mahali pawili, ndipo uhame. Vikikataa, zima tu, hakuna kilichoharibika.

Na ukishahama, rekodi. Rekodi bibi anayejua nyimbo za mavuno, rekodi somo lako, rekodi kwaya ya kijiji, na safari hii kanda zibaki hapa. Mwenye flashi tupu na anayepita njia ya Mumosho aniandikie. Kopi ya Ubuntu Studio iko tayari, na haikuli mega hata moja.