Mageuzi ya mahindi yaliyouzwa mara nne

Kwa miaka 50 na ushei, gunia la mahindi nchini Kenya lilitembea kwa ruhusa. Mkulima wa Kitale mwenye ndugu aliyekumbwa na njaa Machakos aliweza kumtumia barua, na pesa aliweza kumtumia, ila si shehena ya mahindi. Magunia yakizidi yale machache yaliyoruhusiwa kuvuka mpaka wa wilaya, ilibidi awe na kibali mkononi. Asipokuwa nacho, alisafiri usiku, na kila kizuizi cha barabarani kilikuwa na bei yake.

Kibali hicho kilifutwa Desemba 1993. Kufikia hapo Benki ya Dunia na wafadhili wenzake walikuwa wameudai ufutwaji wake kwa zaidi ya miaka kumi, mkopo baada ya mkopo, na zaidi ya mara moja walikwisha kuelezwa kwamba jambo liko njiani. Wasomi waliokuja kuipima mikopo hiyo waliandika mengi. Ninachokitafuta katika maandishi yao ni kimoja: walipopima, walikwenda kupima wapi? Ofisini Nairobi, au kwenye foleni ya kinu cha kusaga?

Udhibiti wenyewe haukuanzishwa na serikali huru. Uliletwa na wakoloni mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na chakula kimeanza kuadimika. Walowezi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu walihakikishiwa bei, soko likawa la mnunuzi mmoja, na Mwafrika aliyeuza mahindi yaleyale alilipwa pungufu. Uhuru ulipokuja, bodi zilibadilishwa majina na wakuu, lakini kanuni ya mnunuzi mmoja, bei moja nchi nzima na kibali cha kusafirisha ilibaki. Mwaka 1979 Bodi ya Mahindi na Mazao iliunganishwa na Bodi ya Ngano, ikazaliwa Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, ile ambayo wakulima wengi wanaifahamu kwa herufi zake tu, NCPB.

Isidhaniwe kwamba bodi ilikuwa mzigo mtupu. Ukame wa 1984 ulipokausha mashamba, serikali iliagiza shehena za mahindi ya njano kutoka ng'ambo na maghala ya bodi yakawa ndiyo njia ya kuyafikisha kwa watu. Waliokuwa watoto wakati huo bado wanaikumbuka sima yake na rangi yake. Kwa waziri aliyeuona mwaka huo, mtaalamu wa Washington anayemwambia aachie soko lifanye kazi alikuwa anamwomba aache silaha yake pekee dhidi ya njaa. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na tathmini nyingi ziliipita haraka mno.

Lakini kuna upande wa pili, na huo Wakamba waliutia katika jina. Njaa mojawapo ya miaka hiyo ya 1980 waliiita Nikw'a ngwete, yaani nakufa nimeshika, na kilichoshikwa ni pesa. Mtu ana noti mfukoni na chakula hakuna dukani. Ukame ndio uliochoma shamba lake, hilo halina ubishi. Ila nchi ilikuwa na kanuni zilizomfanya mfanyabiashara aliyetaka kutoa nafaka kwenye wingi na kuipeleka kwenye uhaba ahesabiwe kuwa mhalifu.

Mikopo ilianza mwaka 1980. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani kupewa mkopo wa marekebisho ya kiuchumi na Benki ya Dunia, dola milioni 55 kwa hatua ya kwanza. Haukuwa mkopo wa kujenga barabara au bwawa. Ulikuwa mkopo wa kubadili sera: pesa zinaingia Hazina, na kinachotolewa upande wa pili ni ahadi. Mwaka uliofuata ikatoka ile ripoti maarufu ya Elliot Berg, iliyosema kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya kilimo barani Afrika ilitokana na serikali zenyewe kuwabana wakulima kwa bei na bodi. Mkopo wa pili wa Kenya, mwaka 1982, ulipita dola milioni 130, na safari hii soko la mahindi lilitajwa ndani ya masharti.

Serikali ilijibu kwa njia ambayo kila mwenye mazoea na ofisi anaijua: iliagiza uchunguzi. Kwenye orodha ya masharti, sharti la kuchunguza soko la nafaka likawekewa alama ya kutimizwa. Kibali barabarani kilibaki palepale.

Ukaja waraka wa serikali wa mwaka 1986 kuhusu kufufua uchumi, uliosifiwa sana na wafadhili, pamoja na mkopo maalumu wa marekebisho ya kilimo. Kuanzia 1988 ukafuata mpango wa mageuzi ya nafaka uliofadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya. Vizuizi vililegezwa kidogo, wenye viwanda vya unga wakapunguziwa kiasi cha mahindi walicholazimika kununua kwa bodi, biashara ndogo bila leseni ikaachwa ipumue. Mwaka 1991 milango ikafunguliwa zaidi kidogo. Mwaka 1992 ikafungwa tena. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, mvua zilikuwa mbaya, na wafadhili walikuwa wamekwisha kukutana Paris Novemba 1991 na kusimamisha misaada mipya. Mwaka 1993, shilingi ikiwa imeporomoka na Hazina haina uwezo wa kuendelea kubeba ruzuku ya unga, bei ya unga ikaachiwa, na mwezi wa Desemba soko la mahindi likafunguliwa.

Mwanauchumi Paul Collier aliyafuatilia haya, akayaweka katika sentensi moja ambayo imerudiwa na wengi: katika muda wa miaka 15 Kenya iliiuzia Benki ya Dunia mageuzi yaleyale ya kilimo mara nne. Wakenya wengi wakiisikia hucheka, kama mtu anayesimuliwa ujanja wa sungura. Mimi siwezi kucheka. Deni la mauzo yote manne lililipwa na walipa kodi walewale, akiwamo mama aliyekuwa akinunua mahindi kwa mkebe. Na mnunuzi wa mageuzi hayo naye hakuwa mjinga. Paul Mosley, Jane Harrigan na John Toye, katika kitabu chao cha 1991 kuhusu mikopo ya masharti, walionyesha jambo ambalo maofisa wa benki hawakupenda kulisema: mkopeshaji anashinikizwa kutoa pesa kama mkopaji anavyoshinikizwa kuzipokea. Ofisa ambaye mkopo wake umekwama kwa sababu sharti halikutimizwa ana maelezo ya kutoa kwa wakubwa zake. Ni rahisi kukubali kwamba uchunguzi umefanywa na kazi inaendelea.

Benki yenyewe ilipotoa mkusanyo wake wa tafiti za nchi mwaka 1994, sura ya Kenya iliyoandikwa na Gurushri Swamy ilibeba kichwa cha habari kilichosema wazi kwamba nia ya serikali ilikuwa ya viraka na ya vipindi. Sawa. Lakini angalia kipimo chenyewe: nia ya serikali. Tathmini iliuliza kama sheria imebadilishwa, kama bei imeachiwa, kama bodi imepunguzwa. Ni maswali halali, maana bila kujua kilichobadilishwa huwezi kujua kilicholeta matokeo. Tatizo ni pale yanapofanywa kuwa ndiyo matokeo yenyewe.

Ili kuona kilichotokea, ilibidi mtu asimame kwenye kinu cha posho. Ni kibanda cha mabati chenye mota na mkanda, na mfuko wa kitambaa unaotuna kila unga unaposhuka. Mwenye kazi nyusi zake zimekuwa nyeupe tangu asubuhi. Wanawake wanapanga ndoo na mifuko sakafuni kwa zamu, kila mmoja na mahindi yake aliyopimiwa sokoni kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili hivi. Unga unatoka bado una joto. Haukukobolewa wala kuchekechwa, pumba na kiini vimo ndani, rangi yake si nyeupe ya pakiti, na kilo yake ni nafuu kuliko ya dukani.

Wakati wa kibali, vinu hivyo mjini vilikuwa na njaa ya nafaka. Mahindi halali yalitoka kwa bodi kwenda kwa viwanda vikubwa, na viwanda vilitoa unga mweupe wa pakiti, ambao ndio uliopewa ruzuku. Iliaminika kwamba watu wa mjini hawataki kitu kingine, na kwamba ruzuku ikiondolewa maskini watakosa chakula. Thomas Jayne na Gem Argwings-Kodhek waliwafuata walaji wa Nairobi kujua walichofanya soko lilipofunguliwa, na walichokuta ni watu kuhamia unga wa posho, hasa wenye kipato kidogo. Kumbe mapenzi ya unga mweupe yalikuwa kwa sehemu matunda ya sera yenyewe: ule mwingine ulizuiwa kufika mjini kwa bei yake. Tathmini ya masharti isingeweza kuligundua hilo, kwa sababu kinu cha posho hakikutajwa kwenye mkataba wowote.

Ningependa hadithi iishie hapo, ila haikuishia. Bodi haikufa. Mwaka 1995 ushuru wa mahindi kutoka nje ulirudishwa, mwaka 1996 mavuno yalipokuwa mabaya usafirishaji nje ukapigwa marufuku, na bodi ikaendelea kununua mahindi ya wakulima kwa bei iliyotangazwa na serikali. Jayne, Robert Myers na James Nyoro waliuchambua mwenendo huo kwa hesabu za bei za miaka mingi na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Waliona kwamba kati ya 1995 na 2004 shughuli za bodi zilipandisha wastani wa bei ya mahindi sokoni kwa karibu asilimia 20, na pia zilipunguza kuyumba kwake.

Mtu akisikia bei ya mkulima imepanda asilimia 20 atashangilia. Nani atakataa mkulima apate? Lakini kaya nyingi za vijijini Kenya hununua mahindi mengi kuliko zinavyouza. Zina ekari moja au mbili, zinavuna, zinauza kidogo wakati wa ada ya shule, kisha miezi michache baadaye zinarudi sokoni na gorogoro. Mahindi mengi yanayofika sokoni yanatoka kwa wakulima wachache wenye mashamba makubwa, wengi wao katika wilaya zilezile za kaskazini mwa Bonde la Ufa zilizohudumiwa na bodi ya walowezi. Kwa hiyo asilimia 20 ile ilitoka mfukoni mwa mama wa ekari moja wa Siaya ikaingia kwa mwenye mamia ya ekari, na wote wawili kwenye takwimu wameandikwa wakulima.

Hapa ndipo tathmini za mikopo zilipopungukiwa zaidi. Zilimtaja mkulima kana kwamba ni mmoja. Waliotetea bodi walisema inamlinda mkulima, waliotetea mageuzi walisema yanamkomboa mkulima, na pande zote mbili ziliweza kuleta mtu wa kweli wa kumwonyesha.

Ugumu mwingine ni wa kutenganisha sababu. Ukilinganisha mwaka 1990 na mwaka 1994 na kusema tofauti yote ni ya mageuzi, umeyabebesha ukame, kuanguka kwa shilingi, kusimamishwa kwa misaada na mapigano ya kikabila yaliyofukuza watu mashambani Bonde la Ufa kuanzia 1991 hadi baada ya uchaguzi. Kinachotakiwa ni kujua hali ingekuwaje kama mkopo usingekuwapo, na hiyo hakuna aliyeiona. Namna iliyo karibu na ukweli ni kurudi kwa watu walewale, mwaka baada ya mwaka.

Hilo ndilo lililofanywa na Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Walianza mwaka 1997, wakarudi mwaka 2000, 2004, 2007 na 2010, kaya zaidi ya 1,200 katika maeneo mbalimbali ya kilimo, mlango uleule, maswali yaleyale kuhusu walichopanda, walichouza, walichonunua na umbali waliotembea. Mfano wa walichokiona ni mbolea: biashara yake nayo ilikuwa imefunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, bila kelele nyingi za kisiasa kama za mahindi. Mwaka 1997 kaya hizo kwa wastani zilikuwa kama kilomita 8 kutoka kwa muuza mbolea wa karibu. Mwaka 2007 zilikuwa zaidi kidogo ya kilomita 3, na wengi zaidi walikuwa wakinunua, mara nyingi katika mfuko mdogo wa kilo chache uliofungwa upya kwenye duka la kijijini, mzigo ambao mtu anaubeba kichwani hadi shambani kwake.