Kulala Msituni

Shosho yangu aliposikia kwamba mimi na mume wangu tunaenda kulala kwa hema kwenye milima ya Aberdare, aliuliza swali moja tu: "Mnalipa?" Nikamwambia ndio, tumelipa kwa eCitizen, sisi wawili na hata gari. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Yaani siku hizi kulala msituni kunalipiwa!"

Nilidhani ni utani wa wazee. Nilikuja kuelewa baadaye, tukiwa huko juu.

Tulitoka Nairobi alfajiri, mwezi wa Agosti, na hema la kuazima, jiko dogo la gesi na blanketi tatu. Pale Flyover tukakata kulia kuelekea Njabini. Wengi hupita Njabini wakitafuta viazi na maziwa, lakini mimi nilikuwa na jambo lingine kichwani. Mei 2023, Mukami Kimathi alizikwa hapa. Rais alihudhuria, kamera zikajaa, hotuba zikasomwa. Mumewe, Dedan Kimathi, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa humo humo gerezani bila alama. Mukami, ambaye naye alipitia kifungo cha Kamiti, aliishi miaka zaidi ya sitini akiomba jambo moja: apewe mifupa ya mume wake aizike. Serikali zilibadilika, barabara kuu za miji zikapewa jina la Kimathi, na mwaka 2007 akasimamishiwa sanamu katikati ya Nairobi. Mifupa haikupatikana. Mukami akalazwa Njabini peke yake.

Hatukukaa sana. Tulinunua viazi, tukaendelea hadi lango la Mutubio, kisha tukapanda. Baada ya mianzi, msitu unaisha ghafla na unajikuta kwenye nyika ya juu, zaidi ya mita 3,000, nyasi za mafungu na ukungu unaotembea kama mtu mwenye shughuli zake. Wenyeji huiita milima hii Nyandarua. Jina la Aberdare lililetwa mwaka 1884 na Mskoti Joseph Thomson, kumheshimu bwana mmoja aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia huko London.

Siku ya kwanza tulitembea hadi miguu ikagoma. Usiku baridi ilikuwa si ya mchezo. Tukawasha moto mkubwa, tukachoma viazi, na mimi nikaanza kumpigia mume wangu stori za shosho. Kwamba mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka kama kumi na nne. Kwamba nyumba yao ilichomwa, wakahamishiwa kijiji cha Hali ya Hatari kilichozungushiwa ua na mtaro, kama walivyofanyiwa Wakikuyu zaidi ya milioni moja. Kwamba kila asubuhi walipelekwa kuchimba mtaro mwingine kandokando ya msitu, mrefu, wenye vijiti vilivyochongwa ncha chini, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Msitu wenyewe ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1953. Ukionekana ndani, unapigwa risasi, hakuna maswali. Ndege za kivita za Uingereza ziliangusha mabomu juu ya miti hii hii.

Mume wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, akiangalia moto, "Guka alikuwa ngati."

Miaka mitatu ya ndoa, na sikuwa najua. Ngati ni wale walinzi wa upande wa serikali ya kikoloni. Walisimama na bunduki juu ya mtaro wakati wengine wakichimba. Kwao jambo hilo halizungumzwi. Kuna shamba zuri la chai, na kuna kimya. Alisema amekuwa akiogopa kumsalimia shosho wangu akimtazama machoni. Sikujua la kumjibu. Nilimsogezea blanketi, tukaingia kwenye hema, na sidhani kuna aliyelala vizuri.

Siku ya nne tulishukia upande wa Nyeri. Tulipitia eneo la Treetops, ile hoteli iliyojengwa juu ya mti wa mugumo. Binti mfalme Elizabeth na mumewe Philip walilala pale usiku wa tarehe 5 Februari 1952, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huo baba yake alifariki Uingereza, na kesho yake akaambiwa kwamba sasa yeye ni malkia. Oktoba mwaka huo huo Hali ya Hatari ikatangazwa. Mwaka 1954 wapiganaji wakaiteketeza Treetops. Ile tunayoijua leo ilijengwa baadaye.

Mjini Nyeri tuliingia makaburini kumwona Baden-Powell, aliyeanzisha maskauti na kuwafundisha vijana wa dunia nzima kupiga kambi. Aliishi Nyeri miaka yake ya mwisho, akafa Januari 1941. Mkewe Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakasafirishwa mpaka hapa ili alale na mumewe. Juu ya kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimerudi nyumbani. Pamefagiliwa vizuri. Ni mahali pazuri kweli, na sina ubaya na wapendanao kuzikwa pamoja.

Lakini nilifikiria Njabini, upande wa pili wa mlima. Kimathi alizaliwa Tetu, si mbali na makaburi haya. Alikamatwa huko huko Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu, akiwa na risasi mguuni. Msafiri wa mbali aliletwa kwa ndege kulala na mumewe, na mwenyeji akanyimwa. Mume wangu alisema kwa sauti ya chini, "Hata sisi tumekuja na hema." Ndio. Hata sisi.

Tuliporudi tulienda moja kwa moja kwa shosho. Aliuliza kama tulilala, nikasema tulilala. Akauliza kama tuliwasha moto. Nikasema ndio, mkubwa. "Usiku? Na moshi ukapanda?" Ndio shosho. Akatikisa kichwa, kama mtu anayehesabu kitu.

Hapo mume wangu akamwambia kuhusu guka wake. Alimwambia yeye mwenyewe, mimi nikiwa kimya. Shosho alimwangalia machoni kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ile mlileta mahari. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme."

Kisha akamwambia avute kiti karibu, amweleze huo mtaro bado unaonekana wapi.