Plagi ya injini

Plagi ya injini ni kifaa kidogo kinachotoa cheche ya umeme ndani ya silinda ya injini ya petroli. Cheche hiyo huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli ulioshindiliwa na pistoni. Kwa kawaida kila silinda ina plagi moja, hivyo gari dogo la silinda nne huwa na plagi nne. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche, kwa sababu mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa.

Katika kisiwa cha Unguja, kama kwingineko Tanzania, magari mengi ya watu binafsi yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na baadhi yake yana umri wa miaka zaidi ya ishirini. Kwa magari kama hayo, plagi sahihi ni njia rahisi ya kurudisha nguvu iliyopotea na kupunguza matumizi ya petroli. Plagi isiyo sahihi inaweza kutoboa pistoni.

Historia

Étienne Lenoir, mvumbuzi aliyefanya kazi nchini Ufaransa, alitumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi mwaka 1860. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Robert Bosch nchini Ujerumani, alikamilisha mfumo wa magneto ya volteji kubwa pamoja na plagi yake. Nchini Japani kampuni ya NGK ilianzishwa mwaka 1936 katika mji wa Nagoya. NGK na Denso ndizo alama zinazoonekana sana kwenye magari ya Kijapani.

Muundo

Katikati ya plagi kuna elektrodi inayopokea umeme kutoka koili. Elektrodi hiyo imezungukwa na kihami cha kauri nyeupe. Nje kuna ganda la chuma lenye uzi wa kufungia kwenye silinda hedi, na mwishoni mwa ganda kuna elektrodi ya pili iliyopinda. Volteji inapofika maelfu mengi ya volti, umeme huruka nafasi iliyo kati ya elektrodi hizo mbili na kuwa cheche.

Mambo ya kuangalia wakati wa kuchagua

Ukubwa wa uzi. Plagi nyingi za magari zina uzi wenye kipenyo cha milimita 14, lakini urefu wa uzi hutofautiana, kwa mfano milimita 12.7 au 19. Uzi mfupi mno huacha cheche ndani ya tundu, na mrefu mno unaweza kugongwa na pistoni. Kwa hiyo kuingia kwa plagi kwenye tundu si uthibitisho kwamba inafaa.

Kiwango cha joto. Ncha ya kihami inapaswa kuwa na joto la kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, na plagi huchafuka. Juu ya hapo ncha huwa kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya cheche. "Plagi moto" hutunza joto nchani, na "plagi baridi" hulipeleka haraka kwenye silinda hedi. Hapa mafundi wengi hukosea, kwa kuwa namba hazina maana moja kwa kampuni zote. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba kubwa ni plagi moto zaidi. Namba 5 ya NGK inakaribiana na 16 ya Denso, na 6 inakaribiana na 20.

Nafasi ya cheche. Injini za zamani zenye pointi ndani ya distributa huhitaji nafasi ndogo. Injini ya Morris Minor, kwa mfano, hutumia milimita 0.64 hivi. Injini nyingi za Kijapani zenye mfumo wa kielektroniki hutumia milimita 0.8 hadi 1.1. Nafasi hupimwa kwa fila geji.

Metali ya elektrodi. Nikeli ni ya bei nafuu na hudumu kilomita 20,000 hivi. Platini na iridi hudumu zaidi, na aina za maisha marefu zinaweza kufika kilomita 100,000. Iridi huyeyuka kwenye nyuzi 2,446 za Selsiasi, nikeli kwenye 1,455. Hata hivyo, plagi ya iridi haiongezi nguvu kwa injini ambayo tayari inawaka vizuri. Faida yake ni kudumu na kuwaka kwa urahisi.

Resista. Plagi nyingi zina resista ya kupunguza mikwaruzo ya redio na kulinda kompyuta ya gari. Gari lenye mfumo wa kielektroniki halipaswi kuwekewa plagi isiyo na resista.

Mfano wa kusoma namba: katika BPR5ES ya NGK, B ni uzi wa milimita 14, P ni ncha iliyochomoza, R ni resista, 5 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa milimita 19, na S ni aina ya kawaida. Ikiongezwa -11 mwishoni, nafasi ya cheche ni milimita 1.1.

Kusoma rangi ya plagi

Plagi iliyotolewa huonyesha hali ya silinda yake, kwa hiyo kila moja huwekwa kwa mpangilio wa silinda ilikotoka.

- Kahawia hafifu au kijivu: injini inaunguza vizuri.
- Masizi meusi makavu: petroli ni nyingi mno, filta ya hewa imeziba, au cheche ni dhaifu.
- Nyeusi yenye oili: ringi za pistoni au sili za valvu zimechakaa. Plagi mpya haitaponya ugonjwa huu.
- Nyeupe yenye malengelenge: joto limezidi, kwa sababu ya petroli kidogo, taimingi iliyowahi mno au plagi moto kupita kiasi.

Hali ya Unguja

Gari linalozunguka Malindi, Darajani na Mkunazini, likisimama kila mara kandokando ya Mji Mkongwe, huenda safari fupi na injini haipati joto la kutosha. Plagi zake hushika masizi hata kama zina namba sahihi. Safari ya kwenda Nungwi, kilomita 60 hivi kutoka mjini, mara nyingi huzisafisha. Kabla ya kubadili kiwango cha joto ni vizuri kujaribu safari ya namna hiyo.

Hewa ya chumvi husababisha kutu kati ya ganda la chuma na silinda hedi ya alumini. Plagi iliyokaa miaka mingi hunasa, na ikilazimishwa hutoka na uzi wa hedi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, unyevu huingia kwenye kifuniko cha distributa na waya za plagi, na gari humisi asubuhi. Dawa yake ni kukausha na kubadilisha waya zilizopasuka, si kununua plagi nyingine.

Unguja ipo karibu na usawa wa bahari. Gari la kabureta lililorekebishwa Nairobi au Arusha, ambako hewa ni nyepesi, likiletwa kisiwani hupata hewa nyingi kuliko petroli na huweza kupata joto mno. Kabureta lazima irekebishwe upya.

Skuta za Vespa za mtindo wa zamani, zinazochanganya petroli na oili, huchafua plagi haraka kuliko magari. Plagi zake nyingi zina uzi mfupi, hivyo hazibadilishani na za gari.

Kufunga plagi

Injini iwe imepoa. Uchafu hupulizwa kwanza ili usianguke ndani ya silinda. Plagi huanzwa kwa vidole. Ikigoma, hutolewa na kuanzwa tena. Ikishafika mwisho kwa mkono, plagi mpya yenye uzi wa milimita 14 na washa yake huzungushwa kwa spana nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Kukaza zaidi huharibu uzi wa alumini, na kulegeza huzuia joto kutoka.

Kuongeza nguvu kwa gharama ndogo

Gari kuukuu lililopoteza nguvu mara nyingi linahitaji kurudishwa katika hali yake ya awali kabla ya kuongezewa chochote. Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Kupima mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa dhaifu, fedha zitumike hapo kwanza.
2. Kubadilisha filta ya hewa, filta ya petroli na plagi, na kukagua waya na kifuniko cha distributa.
3. Kurekebisha nafasi za valvu na taimingi kwa vipimo vya mtengenezaji.
4. Kubadilisha pointi kwa mfumo wa kielektroniki, kwa magari ya zamani sana.
5. Kukagua rejeta, breki na matairi. Nguvu isiyo na breki ni hatari barabarani.

Filta ya wazi iliyowekwa karibu na injini huvuta hewa ya moto na inaweza kupunguza nguvu. Sailensa yenye mlio mkubwa huongeza kelele zaidi kuliko kasi. Kuwahisha taimingi huongeza nguvu kidogo, lakini injini ikianza kugonga, pistoni iko hatarini, na ni lazima irudishwe nyuma.

Plagi bandia

Plagi bandia za alama maarufu zimeenea katika masoko mengi duniani. Dalili zake ni maandishi yanayofutika, elektrodi isiyokaa katikati na washa inayotoka kwa urahisi. Plagi yenye resista hupimwa kwa mita ya umeme. Nyingi husoma ohmu 5,000 hivi. Plagi nne za boksi moja zikitofautiana sana, zirudishwe dukani kabla ya kufungwa.